Mtoto wa mbwa jike mwenye UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) na ute usiokwisha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Unguja na Pemba

Nafuga mbwa Fuoni, na watu wakishajua hivyo simu hazikatiki. Anayepiga zaidi ni mwenye mtoto wa mbwa jike wa miezi mitatu, minne au mitano. Anajilamba kutwa, ana ute, anakojoa kojoa, kapewa dawa, kapoa wiki moja, karudi pale pale. Njia hiyo nimeipita mwenyewe na mbwa wangu Shaba, na bado inaniuma, kwa sababu alimezeshwa vidonge ambavyo hakuvihitaji. Mimi si daktari. Haya nimejifunza kwa madaktari wa mifugo na kwa kuuguza mbwa kwa mikono yangu, na nayaandika ili ukifika kwa daktari ujue la kuuliza.

Mbwa wangu ana miezi minne na anatoka ute kwenye tupu yake ya mbele. Ndiyo UTI?

Mara nyingi siyo. Kuna mambo mawili ambayo watu huyatia kapu moja.

La kwanza ni uvimbe wa uke wa mbwa wadogo, wale ambao hawajaingia joto, yaani kipindi cha kutaka dume, hata mara moja. Ngozi ya ndani ya uke bado ni nyembamba kwa sababu homoni ya kike haijaanza kazi yake, kwa hiyo inawaka upesi. Utaona ute mweupe, wa manjano au wa kijani kidogo, unaonata kwenye manyoya na kukauka kama gamba. Anajilamba. Lakini anakula, anacheza, anakimbiza kuku wa jirani, na akikojoa anakojoa vizuri kwa mkupuo mmoja. Huyu hana ugonjwa mkubwa, na wengi wao hupona wenyewe wakikua, hasa baada ya joto la kwanza.

La pili ndiyo UTI yenyewe, yaani bakteria wameingia kwenye kibofu. Huyu anachuchumaa mara tano mahali ambapo angechuchumaa mara moja, anajikamua, yanatoka matone. Mkojo unaweza kuwa na damu au harufu kali kuliko kawaida yake. Aliyekwisha kujifunza kutoka nje anaanza kukojoa barazani. Pengine analia akikojoa.

Mbwa mmoja anaweza kuwa na yote mawili, lakini ute peke yake haukupi ruhusa ya kusema ni UTI.

Mbona basi walimpima mkojo wakasema una usaha na bakteria?

Swali hili ndilo lililomponza Shaba. Mkojo nilioupeleka niliukinga mwenyewe uani. Mkojo wa jike unapita ukeni kabla ya kutoka, na uke wenye uvimbe umejaa chembe za usaha na bakteria. Mkojo safi kabisa kutoka kibofuni unazoa uchafu huo njiani, ukifika kwenye kikopo unaonekana mchafu. Basi akaandikiwa dawa, zikaisha, ute ukabaki, tukapima tena, mkojo ukaonekana mchafu tena, akaandikiwa dawa nyengine kali zaidi. Mara tatu. Kote huko kibofu chake hakikuwa na kitu.

Daktari mwengine ndiye aliyetuvua. Alimlaza chali, akapapasa kibofu, akachukua mkojo moja kwa moja kutoka ndani kwa bomba la sindano lililopitishwa kwenye ngozi ya tumbo. Nilifumba macho. Shaba hata hakulia, na kazi yote haikumaliza dakika. Mkojo ule ulikuwa safi.

Kwa hiyo ukiambiwa mbwa wako ana UTI kwa mara ya pili, uliza kwa adabu: "Daktari, mkojo huu ulichukuliwa vipi?" Ikiwa ulikingwa tu, omba uchukuliwe kwa sindano kabla hajaanzishwa dawa nyengine. Omba pia uoteshwe, yaani bakteria wakuzwe maabara, wajulikane ni wa aina gani na dawa gani inawaua. Kwa mbwa, anayeonekana zaidi ni E. koli, yule anayeishi kwenye utumbo, ndiyo maana kinyesi kikikaa karibu na uke huwa ni tatizo.

Mkojo wa kupeleka naukingaje, na niko Pemba mbali na maabara?

Mkojo wa kukinga una faida yake: unaonyesha damu, sukari, uzito wa mkojo na fuwele, yaani chembe za madini. Amka kabla yake. Akitoka tu bandani asubuhi, mfuate kwa upole ukiwa na kifuniko kipana cha plastiki au upawa wa zamani ambao hautarudi jikoni. Acha matone ya mwanzo yapite, kisha sogeza chombo chini yake. Usimshike wala usimsemeshe, atakatisha. Mimina kwenye kikopo safi chenye kifuniko. Kikopo kilichokaa dawa au sukari hakifai.

Mkojo unaharibika haraka kwa joto letu. Bakteria wachache wanazaliana wakawa wengi, fuwele zinajitengeneza, chembe zinapasuka. Ukifika kwa mpimaji ndani ya nusu saa ni vizuri sana. Usipoweza, uweke kwenye baridi mara moja na ufike ndani ya siku hiyo hiyo. Kutoka Wete hadi Chake Chake ni kilomita 30 hivi, na gari lenyewe linasimama kila kituo, kwa hiyo chukua kiboksi cha barafu kama cha wauza samaki, funga kikopo ndani ya mfuko, na usikilaze juu ya barafu tupu kikaganda. Kwa Unguja, maabara ya mifugo ya serikali iko Maruhubi, nje kidogo ya mji. Popote uendapo, piga simu kwanza uulize wanapima nini siku hiyo.

Nina vidonge vilivyobaki nyumbani. Nimpe?

La. Tafadhali. Nalisema hili kwa moyo wote kwa sababu naona yanayotokea.

Dawa ambayo kila mtu anayo ni siprofloksasini, kwa kuwa ndiyo watu wanayopewa kwa UTI. Kundi hilo la dawa linaweza kuharibu gegedu za viungo vya mbwa anayekua, yaani unatibu mkojo unamwachia kilema cha miguu. Tena tumbo la mbwa linaifyonza dawa hiyo kwa namna isiyotabirika, kwa hiyo pengine hata bakteria hawafi. Tetrasaiklini zinaweza kutia madoa meno yanayoota. Flagyl, ambayo nayo haikosekani kwenye droo zetu, haimuui E. koli hata umpe mwezi mzima.

Amoksilini ni miongoni mwa dawa za mwanzo ambazo daktari wa mifugo huzifikiria. Lakini vidonge vinne vilivyobaki vya mtoto, kwa kipimo cha kukisia, vinaua bakteria dhaifu na kuwaacha wakaidi. Baadaye ukija kuotesha mkojo, karatasi inarudi imejaa dawa ambazo hazifanyi kazi tena. UTI ya kawaida, iliyothibitishwa na kupewa dawa inayostahiki, mara nyingi hutibiwa kwa siku tatu hadi tano tu. Siku ngapi hasa, daktari ndiye anayepanga kwa uzito wa mbwa wako.

Na dawa za maumivu za binadamu, diklofenaki na ibuprofeni, ziweke mbali kabisa. Zinatoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo.

Haya si fangasi? Jirani kaniambia nimpake dawa ya fangasi ukeni.

Tumezoea kusikia fangasi kwa wanawake, basi tunamvisha mbwa ugonjwa usio wake. Fangasi ndani ya uke wa mbwa ni nadra. Kwenye mikunjo ya ngozi ya nje, panapokaa unyevu, hilo linawezekana: ngozi nyekundu, yenye mafuta mafuta na harufu. Daktari hupangusa kidogo kwa pamba akaangalia kwa darubini. Bila ya hivyo usitie kitu ukeni.

Nimsafishe kwa nini? Maji ya chumvi, mwarobaini, Dettol?

Maji matamu ya vuguvugu, kitambaa laini, basi. Pangusa nje tu, kutoka mbele kwenda nyuma, kisha kausha vizuri, maana unyevu ndio unaowalisha bakteria. Mara moja au mbili kwa siku ute ukiwa mwingi. Manyoya marefu ya hapo yapunguzwe kwa mkasi wenye ncha butu, na pawe na mtu wa pili wa kumshika.

Dettol, sabuni, siki na majani yaliyochemshwa vinaunguza ngozi ambayo tayari inawaka. Anajilamba zaidi, unasema ugonjwa umezidi, unatia zaidi. Kumpiga maji ndani kwa bomba ndiyo kabisa usifanye.

Mbwa wa Paje, Jambiani na Nungwi wana jambo lao: wanaogelea baharini, chumvi na mchanga vinakaukia kwenye mikunjo. Akirudi pwani mwoshe kwa maji matamu. Na kama kisima chenu kina maji ya chumvi chumvi, ya kunywa mtafutie yaliyo matamu. Mbwa asiyependa maji yake anakunywa kidogo, anakojoa kidogo, na mkojo uliokaa sana kibofuni ni shamba la bakteria.

Dafu au juisi ya rozela haisaidii?

Haitibu. Juisi yenye sukari haimfai kabisa. Mpe maji safi, abadilishiwe asubuhi na jioni, hasa wakati wa kaskazi, na afunguliwe akojoe mara nyingi. Mbwa mdogo hawezi kubana kutwa nzima: kadiria saa moja kwa kila mwezi wa umri wake na kidogo juu. Wengi tunawafunga mnyororo tangu alfajiri hadi magharibi, na mbwa asiyetaka kuchafua anapolala anabana mpaka aumie.

Ni UTI kweli, imethibitishwa, na imeshamrudia mara ya tatu. Kuna nini?

Madaktari huiita ya kujirudia ikiwa imempata mara mbili au zaidi ndani ya miezi 6, au mara tatu au zaidi ndani ya miezi 12. Ikifika hapo, kubadilisha dawa peke yake ni kuteka maji kwa pakacha. Pana kitu kinachowafungulia bakteria mlango, na kitu hicho ndicho cha kutafutwa.

Anza na umbo la nje, kwa sababu unaliona mwenyewe. Msimamishe mbwa, mtazame kwa nyuma. Kwa baadhi ya majike uke umezama, mkunjo wa ngozi umeufunika kwa juu kama ukaya. Ndani ya mkunjo huo mkojo unabaki, unyevu na vumbi vinakaa, ngozi inachubuka, na bakteria wanapanda juu. Mbwa mnene huzidiwa zaidi, kwa hiyo punguza wali wa mabaki. Kwa mdogo ambaye bado hajaingia joto, sehemu hiyo hukua na kutokeza zaidi akishapevuka, na tatizo linaweza kwisha lenyewe. Kwa mkubwa ambaye halikuisha, upo upasuaji wa kukata mkunjo huo.

Kisha mawe ya kibofu. Baadhi ya bakteria wanaugeuza mkojo ukapoteza asidi yake, madini yakaganda yakawa mawe, na mawe yakawaficha bakteria dawa isiwafikie. Unamaliza dozi, siku kumi wanatoka mafichoni. Eksirei au ultrasaundi huyaonyesha.

Yako pia maumbile ya ndani: utando au msokoto unaobana njia pale uke unapokutana na njia ya mkojo, au kijifuko kilichobaki juu ya kibofu tangu mbwa alipokuwa tumboni. Wakati mwengine ni kitu kilichoingia tu, kama ncha ya jani kavu. Na pengine figo zimezaliwa na kasoro. Huyo anakunywa maji kupita kiasi, anakojoa mwingi mweupe kama maji, na hakui kama ndugu zake.

Daktari asipopata sababu haraka, usimhukumu. Ila akiwa anaandika dawa ya nne bila ya kutafuta sababu, tafuta maoni ya mwengine.

Wangu hajikamui, ila godoro lake linaloa kila akilala.

Hili ni jengine. Ikiwa tangu mdogo anachuruzika mkojo, manyoya ya nyuma hayakauki, na hata hivyo anakojoa kawaida pia, daktari afikirie mrija wa figo uliokosea njia. Badala ya kumwaga mkojo kibofuni, unamwaga chini yake, hivyo hakuna kinachouzuia. Huonekana zaidi kwa majike, na jamii kama Golden Retriever, Labrador na Siberian Husky zinatajwa sana. UTI humrudia kwa sababu mlango uko wazi siku zote.

Si kosa lake. Nimewahi kukuta mbwa wa namna hii akipigwa kila asubuhi kwa kulowesha gunia analolalia, na ilinichukua siku nyingi kuisahau sura yake. Vipimo vyake ni vya kitaalamu, na dawa yake ni upasuaji. Pengine daktari wako atakuelekeza bara. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ndicho kinachosomesha madaktari wa mifugo na kina hospitali ya wanyama.

Tofautisha na mtoto wa mbwa anayetoa matone akikuona unarudi nyumbani, masikio nyuma, mkia chini. Huyo anakusalimia kwa unyenyekevu. Usimkaripie, ataacha akijiamini.

Tumtoe kizazi mapema ili ute uishe?

Kwa mbwa mwenye uvimbe wa uke au uke uliozama, madaktari wengi hushauri asubiri joto moja lipite. Homoni ya joto hilo ndiyo inayonenepesha ngozi ya uke na kuikuza sehemu ya nje. Ukimtoa kizazi kabla, unaweza kumfungia tatizo hilo maisha. Hushauriwa afanyiwe miezi miwili mitatu baada ya joto kumalizika. Nami nalikubali hilo, ila kwa sharti: uweze kumlinda katika joto hilo. Kama nyumba haina ukuta na mbwa dume wanaingia watakavyo, zungumza na daktari wako kwa uwazi, kwa sababu watoto wanane wasio na pa kwenda nao ni mateso.

Joto la kwanza huja lini, na nichunge nini?

Wengi ni kati ya miezi 6 na 12, wa maumbo makubwa huchelewa zaidi. Uke unavimba, zinatoka tone tone za damu, na madume ya mtaa mzima yanahamia langoni kwako. Huchukua wiki tatu hivi. Mfungie ndani wakati wote huo.

Mimba si hatari pekee. Upo uvimbe wa saratani ambao mbwa wanaambukizana wakipandana, na ni wa kawaida katika nchi za joto zenye mbwa wengi wanaozurura. Unaota ukeni kama ua la koliflawa, unavuja damu miezi na miezi, na mwenye mbwa anadhani ni joto lisilokwisha au UTI. Hutibika vizuri kwa sindano za kila wiki, ukiwahi.

Shaba aliingia joto akiwa na miezi tisa. Ute ulikata wiki ile ile na haukurudi.

Lini nisisubiri kukuche?

Akijikamua na hatoki hata tone. Akitapika, akiwa na homa, amelala hataki kuinuka. Damu nyingi kwenye mkojo, au ufizi umekuwa mweupe. Kwa mbwa mwenye kupe, damu inayotoka ovyo inaweza kuwa homa ya kupe. Macho yakiwa ya manjano, hasa masika na panya wengi, fikiria leptospirosisi, ugonjwa unaoenezwa na mkojo wa panya. Na kwa aliyekwisha kuingia joto: wiki nne hadi nane baadaye akianza kunywa maji mengi, kutapika na kulegea, awe na usaha unaotoka au asiwe nao, kizazi kinaweza kuwa kimejaa usaha. Hilo linaua.

Mkojo wake unaniambukiza? Na unajisi?

UTI ya kawaida haikurukii. Leptospirosisi inaweza, kwa hiyo vaa glavu na uoshe mikono. Wanaofuata madhehebu ya Imamu Shafi wanajua kuwa pamoja na glavu bado pana najisi nzito, na kilichoguswa na unyevu wa mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mimi nina ndoo yangu ya mchanga safi kando ya bomba, na nguo ya kazi ya banda peke yake. Nikimaliza najitwaharisha naenda kusali. Hilo halijawahi kunizuia kumuuguza, na tumefundishwa kuwa katika kila chenye ini bichi kuna ujira.

Nikienda kwa daktari nichukue nini?

Daftari. Andika tarehe ute ulipoanza na rangi yake, anakojoa mara ngapi kwa siku, anakunywa vyombo vingapi, kila dawa aliyopewa kwa jina, kipimo na siku ngapi, na karatasi zote za maabara hata zilizofifia. Piga picha ya uke kwa nyuma akiwa amesimama, na video akikojoa, kwa sababu akifika kliniki hatakojoa. Chukua kadi ya chanjo, na kama hajachanjwa kichaa cha mbwa naye ameshatimiza miezi mitatu, achanjwe siku hiyo hiyo akiwa hana homa.